Kitabu Kilichokuwa na Chumvi

Mimi kitabu nakifungua kwa nyuma. Ofisi ninayofagia pale Kabalagala, hapa Kampala, walikuwa wanahama juzi, vitabu vyao wakavimwaga kwenye korido vikisubiri magunia. Nikachuchumaa, nikavuta kimoja, nikaanza na kurasa za mwisho. Kijana wa kompyuta akacheka akasema, "Mama, hicho umekishika kinyume." Kitabu kile kilikuwa kimewahi kulowa, na kilipofunguka kilitoa harufu ya karatasi iliyonyeshewa ikakauka, ikanyeshewa tena. Nikakaa chini kabisa, juu ya sakafu ambayo sikuwa nimeimaliza kufagia, kwa sababu ile harufu ni ya Anti Riziki, na Anti Riziki tulimzika kwao Kilifi mwaka jana tu.

Wa umri wangu tuliokulia mji huu tuna tabia ya kusema "yalipita, tuache." Kwangu mengine hayakupita, yako kwenye mkono wangu wa kushoto ambao haunyooki. Kwa hiyo nitataja majina. Odoch, ndugu wa baba yangu, polisi. Kwa desturi ningemwita baba mdogo, lakini sitamwita. Florence, mke wake. Na Fred, ambaye leo ana nyumba ya ghorofa na anakaa viti vya mbele kanisani. Watoto wao wakisoma haya, wasome tu.

Baba yangu alikuwa askari jeshi, mtu wa kaskazini. Alipokufa, mama alikuwa ameshatangulia, na mimi nikatolewa kambini nikapelekwa kwa Odoch, kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya mabaa ya Kabalagala. Kila familia chumba kimoja, milango imetazama ua mmoja, bomba moja katikati. Nilikuwa darasa la tatu. Florence alisema shule haikimbii, mtoto wake mchanga ndiye anayekua. Basi nikambeba mgongoni huyo mtoto, na mwenzake aliyemfuata, na shule ikakimbia. Nilikula walichobakiza. Wakisahau kubakiza, nililamba sufuria wakati wa kuiosha, na nadhani ndiyo sababu ulimi wangu ulijua mambo mengi mapema.

Chumba cha mwisho kwenye ua alikaa Anti Riziki, Mkenya, mrefu, mweusi wa kung'aa, anayeenda kanisani Jumapili amejifunga leso mbili kama wanawake wa pwani. Kiswahili chake kilinishangaza. Sisi tulikuwa na Kiswahili cha kambini, cha kuamrishana: toka, leta, wewe nani. Chake kilikuwa na nafasi ya kupumua. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, hebu nisogezee kile kigoda," nami nikasimama nikimtazama, maana sikujua kwamba mtu anaweza kuombwa kitu hivyo. Kiswahili ninachoandika hapa ni chake. Nilichokuwa nacho mwenyewe kisingefika mwisho wa ukurasa.

Anti Riziki alifanya kazi kwenye mgahawa wa Bosi Mugerwa, palepale barabarani, na kazi yake ilikuwa tangi. Bosi alikuwa ameona mahali fulani tangi la samaki wa baharini, akarudi Kampala akitaka la kwake, la urefu wa kitanda, maji ya chumvi, samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na mawe yanayoishi. Riziki aliwahi kulisha samaki kwenye hoteli moja ya Malindi, basi akaitwa. Mapema asubuhi, wateja hawajaja, na Florence bado amelala, aliniruhusu niende naye kufuta kioo. Kila mara nilipata chai na chapati. Nilifuta kioo kwa pande zote mbili, nje na ndani ya maji, mpaka nikajikuta nalamba vidole vyenye chumvi.

Yale mawe yanayoishi yeye aliyaita matumbawe. Mimi nikasikia matumbo. Na ukiyatazama, nani angenilaumu? Mengine yamejikunja kunja kama utumbo wa mbuzi uliooshwa, mengine yana vidole laini vinavyopungapunga, mengine yamekaa kama ubongo kwenye meza ya mchinjaji. Nikaamini kwamba Bosi Mugerwa ni tajiri kiasi cha kufuga matumbo, na matumbo hayo yanakula, maana niliona Riziki akiyapa chakula kwa bomba la sindano. Sikuuliza. Nyumbani kwa Odoch kuuliza kulikuwa na malipo yake.

Kisha matumbo yakaanza kuugua. Vile vidole laini vikajifunga, havifunguki hata mchana. Moja likawa jeupe kama mfupa. Samaki wakapanda juu kutafuta hewa. Bosi Mugerwa akaja akasimama mbele ya kioo na mikono mfukoni.

"Riziki, hawa wanakufa au wanacheza?"

"Wanaugua, Bosi. Maji yana kitu. Nahitaji kitabu."

"Wewe si ndiyo mtu wa bahari? Kitabu cha nini?"

"Mimi ni mtu wa bahari, Bosi, lakini hili ni sanduku."

Akacheka, lakini kabla ya kutoka akasema tangi likifa atauza vioo, aweke meza mbili pale, na Riziki atafute basi la kurudi kwao. Nilikuwa chini ya meza na kitambaa changu, nikasikia yote. Tangi likifa, Riziki anaondoka. Riziki akiondoka, kwenye ua ule tunabaki Odoch na Florence na mimi. Nilijua hilo vizuri kuliko jina langu.

Florence alikuwa akinituma sokoni mjini kila wiki. Riziki akafunga pesa kwenye kitambaa, akanifundisha la kusema: nipite kwa Ssalongo, yule baba wa mapacha anayetandaza vitabu vya mitumba kwenye turubai, nimwombe kitabu cha matumbawe, cha kufuga. Nikaenda nikirudia maneno njia nzima. Nilipofika nikamwambia Ssalongo kwa Kiswahili changu, "Anti anataka ile kitabu ya matumbo."

"Matumbo ya nani?"

"Ya kuugua."

Akafikiri, akachimba kwenye rundo la vitabu ambavyo wanafunzi wa uuguzi wa kule hospitali ya Mulago huuza wakimaliza masomo, akanipa kitabu kizito chenye picha ya mtu aliyefunguliwa tumbo. Nikakipokea kwa mikono miwili. Rangi zilikuwa zilezile. Hapa nimepatia, nikajiambia, na nilikimbia nacho nusu ya njia.

Riziki alikifungua pale mbele ya tangi. Akatazama picha ya kwanza, akatazama ya pili. Nikaona mabega yanatikisika nikajikunja, mkono juu ya kichwa, nikisubiri. Hakuna kilichokuja. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, machozi yakamtoka, akanivuta kwake na kicheko chake chote kikaingia mwilini mwangu. Mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. "Ameniletea matumbo," Riziki akasema, na mpishi akadhani ni kitoweo, akauliza kama yameoshwa.

Sijui niwaelezeje wasiopigwa. Nilikuwa nimekosea kitu kikubwa, kwa pesa ya mtu, na ile siku ikaendelea mbele kama siku nyingine.

Alipotulia akanikalisha. "Sasa kwa kuwa kipo, tukitumie. Fungua kwa nyuma." Akanionyesha kwamba kule mwisho kuna maneno yamepangwa kwa herufi, na kila neno lina namba ya ukurasa wake. "Kitabu chenye adabu kinakuambia kila kitu kimekaa wapi. Wewe umeshaugua nini tumboni?"

"Minyoo."

"Basi tuitafute minyoo yako."

Akanichorea kwa kidole kiganjani neno la Kiingereza la minyoo, nikalitafuta kwenye orodha herufi kwa herufi, nikalipata, tukaenda kwenye ukurasa ule, na hapo alikuwapo, mnyoo mwenyewe, ameviringika. Nikaruka nyuma. Kisha nikarudi kutazama tena. Kitu kilichokuwa ndani yangu, ambacho Florence alisema ni uchafu wangu mwenyewe, mtu alikaa mahali akakichora na kukiandikia namba. Nilitafuta na kikohozi. Nilitafuta na macho mekundu. Kitabu kile hakikukasirika hata mara moja.

Siku iliyofuata Florence alikwenda kliniki na watoto, Riziki akanichukua tukarudi kwa Ssalongo. Alishatayarisha kesi yake, kwa Kiswahili chake cha Kiganda, chenye l badala ya r, na nnyabo badala ya mama.

"Nnyabo, aliomba matumbo nikampa matumbo. Mimi siulizi watu wana nini tumboni."

"Sikulaumu, Ssalongo. Nataka kubadilisha tu. Nipe cha samaki wa bahari, wa kufuga kwenye kioo."

"Cha bahali? Ninavyo. Lakini kitabu kwa kitabu, nnyabo. Kimoja unatoa, kimoja unachukua."

Akatoa vitatu. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, cha kung'aa, picha kila ukurasa, Ssalongo mwenyewe akakifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Hiki ni kizuli. Hata Bosi wako anaweza kuweka mezani." Cha pili kilikuwa na jalada gumu, kimenyooka, safi. Cha tatu hakikuwa na jalada, kimevimba kama mkate uliolowa.

Riziki alichutama palepale kwenye lami na leso yake, watu wakipita juu ya mabega yetu. Akakichukua cha kung'aa. "Tazama hizi picha, mwanangu. Unaona ncha ya kioo? Unaona bomba, waya?" Sikuona. Kila picha ilikuwa maji ya buluu tu. "Huyu amekwenda kupiga picha baharini. Samaki wa baharini wana bahari ya kuwatunza. Mimi nataka mtu aliyehangaika na sanduku." Akakiweka chini. Ssalongo akanung'unika.

Akanichorea kiganjani neno lingine la Kiingereza, la chumvi, herufi nne tu. "Wewe tafuta hili kwenye hivi viwili. Mimi nitasoma habari za mbele." Nikafungua kwa nyuma. Kwenye kitabu kisafi neno lile halikuwapo. Nikarudia mara mbili, nikidhani kosa ni langu. Riziki alipotazama akakuta ni kitabu cha samaki wa maji baridi, kama wa ziwani kwetu, na mwandishi wake anasimulia mwanzo hadi mwisho jinsi samaki wake walivyonenepa. "Hata mmoja hakumfia," akasema. "Ana bahati, au anauza chakula cha samaki."

Kwenye kile kilichovimba nililipata neno lile haraka, na mbele yake namba nyingi, zimejipanga mistari mitatu. Riziki akasoma kurasa za mwanzo akaanza kutabasamu. Mwandishi alikuwa anafoka. Anasema usinunue samaki bado. Anasema maji kwanza, kurasa na kurasa za maji, na kwamba yeye mwenyewe aliua tangi zima kwa haraka zake, na hivi ndivyo alivyoliua. Mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Kurasa za maji zilikuwa na mabaka, na kingo za mabaka zilikuwa na mstari mweupe, wa unga. Kurasa za samaki zilikuwa safi. Nikaukaribia ukurasa, nikaulamba.

"Nnyabo," Ssalongo akasema kwa upole mkubwa, "mtoto wako anakula kitabu yangu."

"Ina chumvi," nikamwambia Riziki.

Akanitazama. Akainama naye, mwanamke mzima, Mkristo, kwenye lami ya mjini, akaulamba ukurasa ule ule. Ssalongo akageuza uso pembeni. "Kweli," Riziki akasema. "Mtu alikisoma hiki na mikono ikiwa ndani ya tangi. Tunachukua hiki, Ssalongo."

"Hicho? Hicho nilitaka kufungia mandazi."

Tukarudi naye akinisomea, anatafsiri, na mimi nikaingiza la kwangu, kama mtoto anavyochangia hadithi. Nikasema chumvi ya kwenye kitabu ni tamu, ni kama ya tangi la zamani, siyo hii ya sasa. Akasimama. "Ya sasa ikoje?" Nikamwambia ina uchungu, inakwama kooni, kama ile Fred anayoileta, ya Katwe, wanayolambishwa ng'ombe.

Lazima niwaeleze kichwa changu cha wakati ule. Fred alikuwa mdogo wake Bosi Mugerwa, ndiye aliyepokea ndoo za chumvi ya bahari zilizokuja na mabasi ya Mombasa. Mimi nilikuwa nimemwona nyuma ya jiko akiponda mabonge ya kijivu kwa nyundo na kujaza ndoo tupu. Nilimuuliza mpishi yale ni nini, akasema chumvi ya Katwe. Katwe niliyoijua ni hii yetu ya mafundi wa vyuma, wenye cheche na majungu ya bati. Sikujua kuna Katwe nyingine mbali huko magharibi, yenye ziwa la chumvi. Nikaamini chumvi inafuliwa na mafundi, inakatwa kwa msumeno, ndiyo maana ni ya kijivu na ina uchungu wa chuma. Wala sikuona ubaya. Mafundi wa Katwe walitengeneza kila kitu, kwa nini wasitengeneze bahari.

Riziki alikaa kwenye ukingo wa mtaro akafungua kitabu kwa nyuma. Akapata ukurasa. Mwandishi aliandika wazi kwamba chumvi ya jikoni, na chumvi ya machimbo, na ya maziwa, si bahari, na ukiitia kwenye tangi matumbawe yatajifunga, kisha yatakuwa meupe.

Alikwenda nacho kwa Bosi Mugerwa, na mimi akanishika mkono. Fred alikuwapo. Alikataa kila kitu, akasema Wakenya wanajua kusingizia, akasema mtoto wa barabarani ameanza lini kuwa shahidi. Bosi akaniuliza. Nikaonyesha kidole, nyuma ya jiko. Wakaenda wakayakuta mabonge mawili chini ya gunia. Bosi akamgeukia mdogo wake, akasema, "Fred, wewe, hata samaki." Basi. Hakuna zaidi. Fred hakuguswa, na pesa ya chumvi ya bahari aliyoiuza alishaila. Lakini tangu siku ile chumvi ilipokelewa na Riziki mwenyewe, na maji yakabadilishwa kidogo kidogo kama kitabu kilivyoelekeza. Matumbawe matatu yalikuwa yameshakufa. Yaliyobaki yalianza kufunguka, kidole kimoja, halafu viwili, na meza mbili za Bosi hazikuwekwa.

Fred na Odoch walikunywa baa moja. Fred akamwambia Odoch kwamba nyumbani kwake kuna binti mwenye mdomo mrefu, anayeharibu biashara za watu. Odoch alirudi jioni akafunga mlango, akavua mkanda wa serikali. Florence aliongeza sauti ya redio. Andikeni hilo mahali, kwamba Florence aliongeza sauti. Mkono wangu ulivunjika kwenye mguu wa kitanda. Asubuhi Riziki aliona nafuta kioo kwa mkono wa kulia peke yake na uso wa kijivu, akafunga mgahawa wa watu, akanibeba mpaka Mulago. Nesi aliyenifunga plasta alinipulizia vidole vilivyovimba, na sijamsahau naye.

Tulirudi saa sita mchana. Niliketi kwenye kizingiti cha Riziki nikijua hesabu ilivyokaa: tangi limepona, yeye anabaki, lakini mimi nikilala chumba kile tena nitakufa. Naye alijua. Akavuka ua moja kwa moja akagonga kwa Odoch.

"Afande, habari ya mchana. Nimekuja kumwomba huyu mtoto."

Odoch alitoka na fulana. "Wewe Mukenya unamtaka ya nini? Ya kupika?"

"Ananichagulia vitabu."

Alicheka mpaka majirani wakafungua milango. "Huyu? Huyu alikwama P-three. Hajui hata kusoma barua."

"Najua. Lakini ndiye anayenichagulia."

Alisema kwa sauti ileile anayoombea kigoda. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu anataja kazi yangu. Odoch alitazama plasta, akatazama ile milango iliyofunguka na watu wanaomtazama yeye, na kicheko kikamwishia mdomoni. "Chukua," akasema. "Anakula kama askari wawili."

Nikasimama. Florence akajitokeza nyuma yake na mtoto kiunoni. "Gauni ni ya Sharon," akasema, akimtaja binti yake mkubwa. "Aache gauni."

Riziki alinivua lile gauni palepale, polepole, akipitisha plasta kwenye mkono wa nguo bila kuniumiza, akalikunja mara mbili kwa usafi kama linatoka dukani, akamkabidhi Florence mikononi. Kisha akafungua leso yake ya juu kiunoni, ikiwa bado na joto lake, akanizungushia kuanzia kwapani mpaka chini ya miguu na kuifunga fundo begani.

"Shika hii ncha," akaniambia, "usije ukajikwaa." Tukavuka ua.